Nyama wa Mwitu na Misitu ya Mohoro: Mlinzi Ni Nani?

Wasomaji wetu, mtu wa bonde la Rufiji atokapo nyumbani alfajiri kwenda shambani, jambo la kwanza atazamalo ni ardhi iliyo mbele ya miguu yake. Umande ungali juu ya majani, na njia imeandikwa habari za usiku. Hapa kiboko amepita, maana nyayo zake ni pana, zenye vidole vinne, na majani yamelala pande mbili. Pale nguruwe wamefukua muhogo, wakala nusu na kuharibu nusu. Na siku nyingine, siku isiyotakiwa na mtu, nyayo za simba zimekanyaga juu ya nyayo za nguruwe. Asiyejua kusoma maandiko haya hupotewa na chakula chake, na pengine na uhai wake pia.

Sisi walimu twafundisha watoto kusoma vitabu, nalo ni jambo jema. Lakini babu zao walikuwa wakisoma kitabu hiki cha ardhini kabla shule yo yote haijajengwa, wala haifai kitabu hicho kifungwe. Kwa hiyo mwezi huu twataka kueleza habari za zamani za Mohoro na nchi iliyo kando yake, tukishika swali moja tu: ni nani aliye mlinzi wa wanyama na miti ya nchi hii? Kwa zaidi ya miaka 120 swali hili limejibiwa mara nyingi, na wenye kujibu mara nyingi walikuwa watu wa mbali. Kila jibu limeacha alama yake, na alama nyingine ni makaburi.

Bonde na Watu Wake

Mohoro u kusini ya mto Rufiji, karibu na delta, yaani mahali mto unapojigawa kuwa mikono mingi na kuingia baharini kuelekea kisiwa cha Mafia. Katika karatasi za siku hizi jina laandikwa Muhoro, nayo ni kata katika wilaya ya Rufiji. Sisi tutaliandika kama lilivyoandikwa zamani. Kusini vimesimama vilima vya Umatumbi; kaskazini, ng'ambo ya mto, ni Kibiti, ambayo sasa ni wilaya peke yake. Wenyeji wa bonde ni Warufiji na Wandengereko. Vilimani wako Wamatumbi, na katika visiwa vya mikoko wako Wanyagatwa.

Maisha ya bonde yalifuata mto. Watu walipanda mpunga mvua zilipoanza. Kisha, kati ya mwezi wa Machi na Mei, mto ulifurika, ukaleta tope jipya lenye rutuba na kujaza samaki katika maziwa madogo ya bondeni. Maji yalipopungua, watu walipanda tena katika tope lile lile mahindi, kunde na maboga, na kilimo hicho huitwa mlau. Hivyo mafuriko yaliyokuwa yakiangamiza mpunga wa mwaka mmoja yaliwapa watu mlau wa mwaka ule ule.

Lakini shamba zuri halina rafiki mmoja. Ndege waliujia mpunga, nyani na ngedere waliyajia mahindi, na usiku wakaja viboko na nguruwe. Kwa sababu hiyo watu walijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, wakakaa humo miezi ya mavuno. Watoto waliamia ndege mchana kutwa, wanaume waliwawinda nguruwe kwa nyavu na mbwa, na wanawake walijua hesabu ya kila jungu la chakula lililopotea. Kila mmoja alikuwa mlinzi, na kila mlinzi alikuwa na elimu yake: mahali kiboko apandapo kutoka majini, mwezi ambao mamba hutaga, na sauti ya ndege atangazaye mvua.

Hatusemi ya kuwa wazee wetu walikuwa malaika. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilikwenda Unguja kwa wingi, na wenyeji wa bara walikuwamo katika biashara ile. Boriti za mikoko nazo zilikuwa zikikatwa kwa karne nyingi kupelekwa Arabuni. Tusemalo ni hili tu: mtu aliyekaa karibu na mnyama alimjua, na aliyemjua aliweza kumzuia asimle, naye pia akaweza kumwacha apite.

Sheria ya Mwaka 1896

Tarehe 7 Mei 1896 Gavana wa Wadachi, Bwana Hermann von Wissmann, alitoa amri juu ya uwindaji katika nchi yote iliyokuwa chini yake. Mwindaji alitakiwa kuwa na leseni, na sehemu mbili za nchi zikatengwa ili wanyama wasiwindwe humo. Moja ilikuwa karibu na Kilimanjaro, na ya pili ilikuwa katika nchi ya mto Rufiji. Basi bonde letu ni miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa katika Afrika ya Mashariki palipopata sheria ya kuhifadhi wanyama. Miaka miwili baadaye, mwaka 1898, mikoko ya delta nayo ikawekwa chini ya amri ya Serikali, ambayo iliuza boriti na magome. Mohoro yenyewe ilikuwa na boma la Wadachi, na mambo ya wilaya yaliamuliwa humo.

Tuwe wenye haki katika kuihukumu amri ile. Ilikuwa na neno la kweli ndani yake, kwa kuwa ndovu walikuwa wakiuawa bila kipimo, na asiyeona hatari ile alikuwa amefumba macho. Walakini kasoro yake ilikuwa kubwa. Mtu wa kijijini, aliyelala usiku kucha katika dungu akisikiliza nguruwe, hakuulizwa neno. Mbele ya sheria alihesabiwa pamoja na waharibifu, wala hakuhesabiwa pamoja na walinzi. Mzungu mwenye fedha aliweza kununua leseni na kuua mnyama kwa furaha yake. Mkulima aliyetaka kuokoa muhogo wake alitazamwa kama mwizi.

Pamba, Nguruwe na Vita

Tangu mwaka 1902 Wadachi walianzisha katika wilaya za pwani mashamba ya pamba ya shirika, watu wakalazimishwa kulima siku kadhaa chini ya maakida na majumbe, kwa malipo ambayo hayakutosha kitu. Msomaji aliye mkulima ataelewa mara moja ubaya wa jambo hili. Siku zile zile za kupalilia pamba ya Serikali zilikuwa siku za kupalilia mpunga na kulinda mahindi. Mtu hana miili miwili. Akiwa kwenye pamba mchana na kuchoka usiku, nani atakaa katika dungu?

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameandika juu ya Uzaramo, nchi ya jirani zetu wa kaskazini, akaonyesha jinsi nguruwe walivyozidi katika miaka ile. Wanaume walitolewa vijijini kwenda kazini, uwindaji wa nyavu ukazuiwa, na wanawake wakaachwa peke yao kulinda mashamba yaliyohitaji mikono mingi. Nguruwe hajui mambo ya utawala, ila hujua upesi shamba lisilo na mlinzi. Hivyo njaa iliingia kwa mlango ambao zamani ulikuwa na bawabu.

Mwisho wa mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete, katika Umatumbi, waling'oa pamba. Ndivyo vilivyoanza vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji, alikuwa amekwisha kukamatwa, akaletwa Mohoro, akanyongwa hapo tarehe 4 Agosti 1905. Vita vikaenea kusini yote hata mwaka 1907. Wadachi walichoma vyakula na mashamba ili njaa imalize kazi ya bunduki, nayo ikaimaliza. Wadachi wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Vitabu vya shule husimulia vita hivi kama habari za wanadamu tu, lakini ardhi nayo ilishiriki. Mahali ambapo watu walikuwa wamekufa au kukimbia, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka wakarudi nyama wa mwitu na mbung'o. Katika nchi ya Wangindo mashamba ya watu yaligeuka mapori. Mwaka 1922 Waingereza waliiunganisha nchi ya hifadhi za Wadachi, wakaiita Selous, kwa jina la mwindaji Mwingereza Frederick Courteney Selous aliyeuawa vitani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Katika miaka ya 1940 watu wengine wa upande wa Liwale walihamishwa, sababu iliyotajwa ikiwa ugonjwa wa malale, na hifadhi ikazidi kupanuka hata ikawa na kilometa za mraba kama 50,000. Mwaka 1982 ikaingizwa katika urithi wa dunia, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Wageni wafikapo huko husema, "Hii ndiyo Afrika kama ilivyoumbwa, haijaguswa na mtu." Sisi twajua ya kuwa sehemu nyingi za pori lile ziliwahi kuwa na nyumba, visima na makaburi. Si vibaya kulipenda pori lile. Vibaya ni kulipenda na kuwasahau waliokuwamo.

Simba wa Mwaka 2002

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wengi katika bonde walikumbuka kwa machozi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni, wakajenga vijiji mahali pa juu. Nyumba zao zikawa salama na maji, lakini mashamba yao yalibaki bondeni. Basi mkulima alipaswa ama kwenda na kurudi mwendo mrefu, ama kulala shambani mbali na majirani.

Tangu mwezi wa Agosti 2002 hata Aprili 2004 simba mmoja, na pengine wenziwe pamoja naye, aliua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya Rufiji. Watu walimpa jina la Osama. Alipouawa na askari wa wanyamapori, alionekana kuwa simba kijana, wala hakuwa mkongwe kama wengi walivyodhani, naye alikuwa na jipu kubwa chini ya jino moja la nyuma. Huenda maumivu ya jino yalimzuia kukamata wanyama wenye nguvu. Walakini jino moja halitoshi kueleza msiba wote, kwa maana simba walikuwa wakiua watu katika wilaya nyingine za kusini pia.

Mwaka 2005 wataalamu Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha hesabu yao. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua katika Tanzania watu 563, na kuwajeruhi wengine 308 au zaidi. Wengi walishambuliwa miezi ya mavuno, walipokuwa wakilala mashambani. Wakulima walilala mashambani ili kuwafukuza nguruwe, na simba walikuja mashambani kuwafuata nguruwe hao hao, kwa kuwa wanyama wengine walikuwa wamekwisha kupungua karibu na vijiji. Kwa hiyo usiku mmoja, katika shamba moja, walikutana watatu: nguruwe aliyefuata mahindi, simba aliyemfuata nguruwe, na mtu aliyelala katika kibanda cha makuti.

Wasomaji, tuyatafakari haya. Hakuna uchawi ndani yake, ijapokuwa wengine walisema ni simba wa kutumwa. Ni mnyororo ambao macho yaweza kuufuata pete kwa pete. Mtu akimaliza paa na swala kwa mitego yake, amwachia simba nguruwe peke yake. Nguruwe hukaa karibu na mahindi, na mahindi hukaa karibu na mwanadamu. Jambo hili wakulima wa bonde wangaliweza kulieleza mapema kuliko wote, maana nyayo walizikuta wenyewe. Lakini hapakuwa na mahali pa kuziandika, wala mtu wa kuwauliza.

Ndovu na Vijiji Viwili

Ndovu nao wana hesabu yao. Mwaka 1976 ndovu wa Selous na mapori yaliyo kando yake walihesabiwa kuwa kama 109,000. Wakauawa kwa ajili ya pembe. Mwaka 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara ya pembe, ndovu wakaanza kuongezeka. Kisha wawindaji haramu wakarudi, na hesabu ya mwaka 2013 ikawa kama 13,000 tu. Yaani, mahali palipokuwa na ndovu wanane, alibaki mmoja.

Hifadhi ilikuwa na sheria na askari miaka hiyo yote, nao ndovu wakaisha. Pori la ukubwa ule haliwezi kuzungukwa na askari, hata wangekuwa wengi namna gani. Mwenyeji ndiye ajuaye kivuko na kisima. Akiona ya kuwa ndovu humletea hasara tu, na faida yote huenda mjini, atanyamaza amwonapo mwindaji, au atamwonyesha njia.

Kwa sababu hiyo twapenda kutaja Ngarambe tena. Chini ya sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 vijiji viliruhusiwa kutenga sehemu ya ardhi yao, kuilinda wenyewe na kupata sehemu ya mapato yake. Ngarambe na kijiji cha jirani cha Tapika viliungana kufanya hivyo, na umoja wao ukaitwa MUNGATA. Jina la Ngarambe, lililoandikwa kwanza katika habari za dawa ya maji na mti wa kunyongea, sasa laandikwa pia katika orodha ya vijiji vyenye kulinda wanyama kwa hiari yao. Hatusemi ya kuwa mambo yote yamenyoka. Fedha huchelewa, na ndovu angali anavunja minazi ya watu. Lakini swali la mlinzi ni nani limepewa huko jibu jingine kuliko lile la mwaka 1896.

Mikoko

Tushuke sasa mpaka pwani. Mikoko ya delta ya Rufiji imeenea hekta kama 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania bara. Mgeni huiona kuwa kichaka kimoja cha matope; mwenyeji huita kila mti kwa jina lake na kazi yake: mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, msinzi ulionyoka, mkandaa wenye magome ya rangi, mchu ustahimilio chumvi nyingi, na mkomafi wa mbao za chombo. Mizizi hushika tope lisichukuliwe na bahari, majani yaangukayo hulisha kaa, na kamba wadogo hukua katika vivuli vya maji kabla ya kwenda baharini. Avunjaye mkoko bila kipimo avunja chungu cha mvuvi.

Biashara ya boriti ni ya zamani sana. Katika miji ya Kuwait, Bahrain na Basra, ambako miti ni haba, nyumba ziliezekwa kwa boriti zetu, hata upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika katika delta akisafiri katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasir al-Nejdi, akaona jinsi mabaharia walivyopakia boriti kwa taabu nyingi katika matope na mbu, akayaandika katika kitabu chake. Wakati ule mikoko ilikuwa imekwisha kutangazwa kuwa misitu ya Serikali, kazi iliyoanza mwaka 1928.

Adui wa mikoko hakuwa jahazi peke yake. Mpunga nao hula msitu. Mto ulipoelekeza maji yake matamu zaidi upande wa kaskazini wa delta, watu walifyeka mikoko na kupanda mpunga. Miaka ya kwanza mavuno ni mazuri; kisha magugu na kaa huzidi, na mkulima husogea mbele na shoka lake. Twamwelewa, kwa kuwa ana watoto wa kulisha. Lakini shamba linalodumu miaka michache limegharimu msitu uliokuwa ukilisha wavuvi siku zote.

Katika miaka ya 1990 ilikuja hatari nyingine. Kampuni moja ilitaka kutumia hekta kama 10,000 za delta kufuga kamba. Baraza la taifa la mazingira lilishauri mradi ukataliwe, walakini mwaka 1997 Serikali iliukubali. Ndipo wanavijiji wa delta, wakisaidiwa na mawakili, walipokwenda mahakamani kutetea ardhi na maji yao. Mwishowe mradi haukufanyika. Mwaka 2004 delta pamoja na Mafia na Kilwa iliingizwa katika orodha ya mkataba wa Ramsar, ambao ni mapatano ya mataifa juu ya nchi zenye majimaji. Watu walewale waliodhaniwa kuwa waharibifu wa mikoko ndio waliosimama mbele yake. Wengi wao hawakuwa wataalamu, ila walijua kamba wadogo hukulia wapi.

Maji ya Mwaka 2024

Mwezi wa Aprili 2024 mvua zilikuwa kubwa, na mafuriko yakaingia Rufiji na Kibiti. Mohoro ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Nyumba na mashamba yalifunikwa, na watu wakakimbilia mahali pa juu. Huko juu mtoni lilikuwa limejengwa bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022. Wengine walinung'unika wakisema maji ya bwawa ndiyo yaliyowazamisha. Wenye kulisimamia walisema bwawa liliyapunguza maji ambayo yangalikuwa mengi zaidi.

Sisi hatutakata shauri hili katika ukurasa mmoja. Twasema tu ya kuwa mto uliofungwa na kufunguliwa kwa mikono ya watu hauwezi kufuata kalenda ya wazee. Tope linalobaki katika bwawa halifiki katika mlau wala katika mizizi ya mkoko. Kwa hiyo mwenyeji wa Mohoro anahitaji macho zaidi kuliko babu yake. Mafuriko yaja mwezi gani sasa, nayo yakaa siku ngapi? Samaki wa maziwani waongezeka au wapungua? Chumvi imepanda mpaka kisima kipi? Wahandisi wana vipimo vyao, lakini mwenye kisima ndiye aonjaye maji yake kila asubuhi.

Mafundisho

Tumeona majibu manne. Wadachi walisema mlinzi ni Serikali, wakamsahau mkulima. Wafanya biashara walisema hapana haja ya mlinzi, na ndovu wakaisha. Ngarambe na Tapika walisema, "Sisi na Serikali pamoja." Na watu wa delta walisema mbele ya hakimu, "Tupo, na twaona." Twaamini majibu mawili ya mwisho ndiyo yafaayo, lakini yana masharti yake: asemaye ya kuwa yeye ni mlinzi sharti alinde. Basi twatoa mashauri machache, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, kila shule na kila kijiji kiwe na daftari ya wanyama na maji. Watoto waandike tarehe, mahali, nyayo zilizoonekana, shamba lililoharibiwa, na kimo cha maji ya mto. Mwaka mmoja daftari hii itaonekana kama mchezo. Baada ya miaka kumi itakuwa historia, na hakuna mtu wa mjini atakayeweza kumwambia mwenye daftari ya kuwa hajui asemalo.

La pili, tulinde mashamba kwa ushirika. Mashamba yaliyo karibu karibu hulindwa na watu wachache kwa zamu, na lililo peke yake porini humfanya mlinzi kuwa chakula. Dungu liwe refu na imara, lenye mlango wa kufungwa, na vichaka vilivyo karibu na nyumba vifyekwe. Nyayo za simba zikionekana, habari zipelekwe siku ile ile kwa kijiji na kwa bwana wanyamapori, wala mtu asingoje mpaka awepo wa kuzikwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

La tatu, tusitie sumu katika nyama ili kuua simba au fisi. Sumu haichagui, huua tai, huua mbwa wa jirani, na mizoga hubaki bila wa kuisafisha. Wala tusimalize paa na swala kwa mitego ya waya, kwa maana tumekwisha kuona mnyororo ule unamfikisha simba mahali gani.

La nne, akataye mkoko akate kwa kibali na kwa kipimo, aache miti mama yenye kuzaa, na mahali palipo wazi papandwe. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, nayo huanguka ikiwa tayari kusimama katika tope. Mtoto wa miaka saba aweza kuipanda.

La tano, mkutano wa kijiji ukiitwa juu ya ardhi, tuhudhurie, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1896 wazee wetu hawakuulizwa. Sisi tukiulizwa na tusiende, tutamlaumu nani?

Twarudi kwenye njia ya alfajiri. Mzee mmoja akitembea na mjukuu wake humwonyesha kwa fimbo, "Huyu ni nani?" Mtoto hujibu, "Nguruwe, babu." "Alipita lini?" Mtoto huinama, hugusa ukingo wa unyayo, huona umande haujaingia ndani yake, husema, "Sasa hivi." Mtoto huyo amejua mambo mawili: yaliyopita, na yaliyo karibu mbele yake. Hiyo ndiyo kazi ya historia, na ndiyo kazi ya mlinzi. Watoto wetu wa Mohoro wajue kuisoma njia hiyo na vitabu vyao pia, ili siku atakapokuja mtu wa mbali kuuliza nchi hii ilindwe namna gani, akute wenyewe wenye jibu lililoandikwa kwa mkono wao.